Mikanda ya Kijani ya Ardith Pruett

Habari niliipata Jumatatu asubuhi kwa Wilma, anayekaanga mayai pale mgahawani: Shirikisho la mbio za magari limempa Lyle Pruett kitu cha siri cha kushika shingo, na madereva wengine hawatapewa mpaka mmoja wao afe.

"Nani kakwambia?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Nelda, mimi nakaanga mayai. Siandiki majina."

Nililipia kahawa yangu nikaiacha mezani. Mpaka nafika nyumbani habari ile ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikiosha vyombo ipo. Nikianika shuka ipo. Haikuwa ajali niliyokuwa nikiiona kichwani, na hilo nalisema mapema ili mjue mnasoma maneno ya nani. Nilichokiona ni Lyle Pruett kapewa, na mwanangu Dwight hakupewa.

Ardith Pruett, mama yake Lyle, ni jirani yangu. Kutoka kibarazani kwangu hadi mlangoni kwake ni hatua arobaini. Tulikaa mashine mbili zilizopakana kwenye kiwanda cha soksi kwa miaka kumi na tisa, na kanisani tulikaa benchi moja. Wanetu walizaliwa mwaka mmoja, wakajifunza kuendesha kwenye shamba moja la mahindi, na walipofika miaka ishirini na mitatu wote wawili walikuwa wanakimbiza magari kila Jumamosi kwenye uwanja wa Laurel Fork. Kiangazi kile cha 1992 walikuwa wameshindana mara saba. Dwight alimshinda Lyle mara nne. Mimi nilihesabu.

Lakini bango la mbio lilikuwa la Lyle. Sura yake ilikuwa kwenye kila nguzo ya simu, kwenye duka la chakula cha ng'ombe, kwenye dirisha la kinyozi. Ardith alibandika moja kwenye friji yake, na kila nikienda kuazima sukari Lyle ananichekea na meno yale. Ana meno mazuri, hilo sikatai. Dwight wangu ana pengo. Basi ukifungua friji ya Ardith unapigwa na meno, ukifunga unapigwa na meno.

Mabango hayo hutengenezwa na Shirikisho. Kwetu milimani Shirikisho ndilo kila kitu kwenye mbio: ndilo linaloandika sheria, ndilo linalokagua magari, ndilo linalotoza faini, na ndilo linalouza tiketi. Mkuu wake alikuwa Hoyt Brannock, mtu wa kofia nyeupe na sauti tamu, anayemwita kila mwanamke "bibie". Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu yule yule anayetaka majukwaa yajae ndiye anayeamua gari lipi ni salama. Hata mimi sikuona.

Jumatano nilikwenda kuangalia mazoezi. Lyle aliposhuka kwenye gari niliona kwa macho yangu: nyuma ya helmeti yake kulikuwa na mikanda miwili myeusi, imeshuka mpaka mabegani. Dwight hakuwa nayo. Wilma alikuwa amesema kweli, nikajiambia. Sikwenda kwa Ardith kuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Brannock, kile kibanda cha magurudumu nyuma ya majukwaa.

"Bwana Brannock, kwa nini mwenzake apewe na mwanangu asipewe?"

"Apewe nini, bibie?"

"Usinifanye mtoto. Ile mikanda ya shingo."

Alinitazama kidogo. Angeweza kusema hapo hapo, "Sisi hatujampa mtu mikanda." Hakusema. Alitabasamu akavuta kiti.

"Kila dereva anaruhusiwa kuvaa anachokiona kinamfaa," alisema.

"Kama kinafaa, si mlazimishe wote wavae?"

"Bi Nelda, nikilazimisha leo, kesho gazeti litaniuliza kwa nini sikulazimisha mwaka jana. Na wakili wa mtu ataniuliza hivyo hivyo. Halafu nikwambie ukweli? Watu wanakuja kuona wanaume. Hawaji kuona vijana waliofungwa na mbeleko."

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na jibu. Lakini alikuwa ameshafungua mtoto wa meza na kutoa bango jeupe, halijachapwa kitu.

"Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo siku kubwa," alisema. "Nataka sura mbili. Pruett huku, mwanao Stamey huku. Tatizo lako ni moja tu, Bi Nelda. Mwanao mpole. Watu hawajui kama hawa vijana wanachukiana."

"Hawachukiani. Wanaazimana spana."

"Ndiyo hilo tatizo lenyewe. Sasa wewe ukisema maneno mawili redioni, ya kuwachokoza akina Pruett, mimi nitachapa sura mbili. Na hao vijana wasionekane wakiongea mpaka mbio ziishe."

Nilienda kudai shingo, nikarudi na picha. Nawaandikia hivyo bila kujificha. Njiani sikukumbuka hata mara moja kwamba sikujibiwa. Nilikuwa nawaza kama pengo la Dwight litaonekana, na kama atakuwa upande wa kulia.

Redioni nilisema Ardith kamfundisha mwanawe kusukuma wenzake kwa nyuma kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anasukuma foleni ya chakula kiwandani. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa uongo. Ardith alikuwa akinishikia nafasi kwenye foleni ile kila siku ya Mungu.

Jioni Dwight aliingia jikoni, akajimegea mkate wa mahindi kwenye bakuli, akaumwagia maziwa. Alikula nusu kabla hajasema.

"Mama, nini kile umesema redioni?"

"Mchezo tu. Bwana Brannock kasema ni matangazo."

"Shangazi Ardith kasikia. Nimemkuta anatoa barua kwenye sanduku, hakunitazama."

"Atazoea."

"Na Lyle leo kanipungia mkono kuniita, mkaguzi kaja mbio kutuachanisha kama kuku wanaopigana. Kasema tutatozwa faini. Mimi na Lyle! Nimuone Lyle kwa kujificha, kama mchumba!"

"Siku kumi tu, mwanangu. Unataka kuwa kwenye bango au hutaki?"

"Sijawahi kutaka," alisema. "Wewe ndiye unayetaka."

Nilimwambia ale, maziwa yatapoa. Maziwa yalikuwa baridi tangu mwanzo.

Jumapili Ardith alikaa benchi la mbele, peke yake. Nilitazama kisogo chake ibada nzima. Mabango ya sura mbili yalibandikwa Jumatatu. Dwight alikuwa kushoto, na sura yake ilikuwa ndogo kuliko ya Lyle. Nilipima kwa kidole.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mbio, nilikuta mfuko wa karatasi juu ya kiti changu cha kibarazani. Ndani mlikuwa na mikanda miwili mipana iliyoshonwa kwa kukunjwa mara mbili, yenye vifungo vya chuma, na kopo la dawa ya viatu nyeusi. Hakukuwa na barua. Haikuhitajika barua. Ule mshono wa kurudi nyuma mara tatu mwishoni niliujua. Nimekaa pembeni ya Ardith miaka kumi na tisa.

Mikanda ilikuwa ya kijani. Kijani kama jani la maharage.

Kama wewe ni mtu wa mbio hapa kwetu sina haja ya kukueleza. Kijani chetu ni cha bendera ya kuanzia tu; kwingine kote ni mkosi. Baba yangu alikuwa hamruhusu mgeni kuingia gereji na kofia ya kijani, wala mtu kumenya karanga karibu na gari. Kuna waliokufa, na kila mara kuna mtu atakumbuka kwamba kulikuwa na kitambaa cha kijani mahali. Ardith anayajua hayo kama ninavyoyajua mimi. Nilisimama pale na mikanda mkononi, damu ikanipanda.

Kwanza nilisema: mwanawe kapewa cheusi na Shirikisho, cha kiwandani, wangu ashonewe cha kijani kwa mabaki! Kisha nikasema: anamtakia mwanangu kifo. Kisha nikatazama lile kopo la dawa ya viatu nikalielewa kwa namna yangu, kwamba ananiambia Dwight akang'arishe viatu vya Lyle. Unaona roho ya wivu inavyojisomea. Mtu kaweka vitu viwili kwenye mfuko, mimi nimetoa matusi matatu.

Nilikwenda stoo nikaichimbia mikanda ndani ya pipa la unga wa mahindi, mpaka kiwiko changu kikawa cheupe. Dwight hakuambiwa kitu. Dawa ya viatu niliipaka viatu vyangu vya kanisani.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vilima nje ya ua. Wenye fulana za Pruett upande mmoja, wenye fulana za Stamey upande mwingine. Brannock alikuwa anazunguka na kofia yake, anapeana mikono kama mgombea. Nilikwenda kwenye uwanja wa ndani, magari yanapokaguliwa. Wakaguzi wawili waliinamia injini ya Dwight kwa rula na tochi nusu saa nzima, wakitafuta kama kaiba nguvu kidogo. Mkanda wa kiti mmoja wao aliushika kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani asichokusudia kununua, akaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Kisha akanyoosha tangazo lililokuwa limepinda kwenye mlango wa gari. Tangazo alilipangusa kwa leso yake.

Walipopanga magari, vijana wote wawili wakiwa ndani na injini zinanguruma, nilimwona Lyle akimgeukia Dwight. Akapitisha kidole shingoni mwake mwenyewe, mara mbili, tatu, huku amekodoa macho. Majukwaa yalipiga kelele.

"Mmeona hiyo?" kipaza sauti kililia. "Pruett anasema leo anamchinja Stamey!"

Na mimi nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele na wenzangu. Nilisema neno ambalo sitaliandika.

Mzunguko wa sitini na moja walikuwa sambamba, mlango kwa mlango. Tairi la mbele la Lyle lilipasuka kwenye kona ya pili, gari lake likalisukuma la Dwight, na yote mawili yakaenda kwenye ukuta wa zege. Yalipiga pamoja. Ukuta ule ule, mwendo ule ule, pua mbele. Mlio ulikuwa mmoja tu.

Lyle alitokea dirishani. Alianguka chini, akasimama, akakimbia kwa kuchechemea hadi kwenye gari la Dwight. Dwight hakutoka.

Sikumbuki niliruka vipi ua. Nilipofika Lyle alikuwa ameingiza mikono dirishani, anashika helmeti ya Dwight kwa viganja viwili, analia.

"Msimguse kichwa! Mtu asimguse kichwa! Dwight, usigeuke, ndugu yangu, nitazame tu hivyo hivyo."

Ardith alifika nyuma yangu, anahema. Alichungulia dirishani, akatazama nyuma ya helmeti ya mwanangu. Akanigeukia.

"Nelda, mikanda iko wapi?"

"Mikanda ipi?"

"Nelda."

Nilikuwa namtazama Lyle. Jasho lilikuwa limemtiririka shingoni, na pale mkanda wake ulipokuwa umesuguana na kola, weusi ulikuwa umetoka. Chini ya weusi kulikuwa na kijani. Kijani kama jani la maharage. Na kola yake nyeupe ilikuwa na doa la dawa ya viatu.

Kwa hiyo Shirikisho halikumpa mtu kitu. Mama yake ndiye aliyemshonea. Kiwandani kulikuwa kumebaki jora moja tu la mkanda imara, la kijani, na Ardith aliliomba, akashona seti mbili: ya wake na ya wangu. Ya wake aliipaka dawa ya viatu. Ya kwangu aliiweka na kopo lake, kwa sababu mimi ni mtu wa mbio na nitajua la kufanya. Hiyo ya kwangu aliishona baada ya kunisikia redioni. Baada ya redio, jamani. Na Lyle alitaka kumwambia Dwight kwa mdomo lakini alikatazwa asionekane naye, ndipo akamuuliza kwa kidole: umevaa?

Dwight alivunjika shingo, na hakufa. Daktari alituonyesha kwenye picha, upana wa ukucha wa kidole kidogo ndio uliobaki. Alikaa miezi minne ndani ya fremu ya chuma iliyoshikwa kwenye fuvu kwa skrubu. Anatembea. Shati anavaa mwenyewe. Kichwa hakigeuki, na gari hataendesha tena, la mbio wala la kwendea dukani.

Mikanda niliitoa kwenye pipa nikampelekea Ardith, na unga wake, nikamwambia nilichofanya na nilichofikiri. Aliipangusa kwenye aproni yake.

"Ulifikiri nitamtakia mabaya Dwight," alisema mwishoni. "Mimi nimemnyonyesha huyo ulipokuwa na homa."

"Najua."

"Ulijua tangu zamani, Nelda. Ndiyo maana sina la kukwambia."

Januari, Brannock alikuja nyumbani na keki ya mkewe na bomba la karatasi kwapani. Shirikisho lilikuwa limeamua: kuanzia msimu mpya kila dereva lazima avae mikanda ya shingo, ya kununua kwao. Alikunjua bango mezani. Dwight, ndani ya fremu yake, anatazama mbele. Juu pameandikwa: TUNAJALI SHINGO ZENU. Chini yake, tarehe ya mbio za kwanza na saa ya kufunguliwa milango.

Sasa sikieni. Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha. Macho yangu yalitafuta Lyle yuko upande gani, na Lyle hakuwepo. Mwanangu peke yake, karatasi nzima. Ilikuwa muda wa pumzi moja, lakini ilikuwepo, na ndiyo inayonifanya niandike.

"Ligeuze nilione, Mama," Dwight alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi sigeuki."

Nilimshikia. Alilitazama.

"Nywele mmenichana vizuri," alimwambia Brannock. "Mlijua lini?"

"Tulijua nini, kijana?"

"Kwamba shingo inavunjika."

"Sisi Shirikisho tunatazama mbele," Brannock alisema.

"Hata mimi," Dwight alisema. "Sina pengine pa kutazama."

Nilikunja bango nikamrudishia mgeni, na keki yake.

Jana Lyle alileta maharage kutoka kwa mama yake. Ardith bado anatuma chakula, ila mwenyewe haji. Alipokuwa anaondoka, Lyle alitia gia ya kurudi nyuma, akaweka mkono juu ya kiti, akageuza kichwa kutazama nyuma ya gari. Kitu kidogo hicho. Nilisimama dirishani na roho ikaniuma ile ile ya zamani. Haijaondoka. Nimejifunza tu kuitambua inapoingia.

Msimu unaanza Jumamosi. Karatasi hii nitaiweka kwenye vioo vya magari pale getini, na wewe mama uliyeikuta kwako, usiitupe kabla hujafika chini.

Epuka habari ya mgahawani kama mwenye habari anakaa hatua arobaini kutoka kwako. Nenda ukamuulize.

Epuka kumwamini mkaguzi anayelipwa na anayeuza tiketi. Mikanda ivute mwenyewe, kwa nguvu zako zote, kabla injini haijawashwa.

Epuka kuliacha swali lako bila jibu. Ukienda kuuliza shingo, usitoke na picha.

Epuka bango.

Epuka redio.

Epuka mtu yeyote anayewakataza vijana kusemezana kabla ya mbio.

Epuka kusubiri Shirikisho lilazimishe. Wanalazimisha wakishapata wa kumchapa kwenye bango.

Epuka kuogopa rangi. Kama rangi inakuogopesha sana, dawa ya viatu ipo dukani.

Epuka kuficha kitu cha jirani kwenye pipa la unga.